Umeme Ukikatika Jiko la Peleti Likiwa Linawaka

Umeme ukikatika, vitu vitatu ndani ya jiko la peleti husimama kwa mpigo mmoja: parafujo inayosukuma peleti (vijiti vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa) kutoka kwenye tangi, feni ya moshi inayonyonya moshi na kuutoa nje, na feni ya joto inayopuliza hewa ya moto chumbani. Moto wenyewe hausimami. Peleti zilizokwisha kuangukia kwenye chungu cha moto zinaendelea kuungua, na moshi wake hauna tena wa kuutoa ila bomba lenyewe.

Wengi wakigusia suala hili huanza na betri: ninunue ipi, ya ukubwa gani, itanifikisha wapi. Betri nitaifikia huko chini. Ila jiko lililofungwa sawasawa linatakiwa kuzimika lenyewe bila betri yoyote na bila kufukiza nyumba, hata kama wenyewe wamelala. Jiko linalohitaji betri ili lisijaze watu moshi lina kasoro ya ufungaji, na betri inaificha tu kasoro hiyo mpaka siku itakapoisha chaji.

Dakika 20 za kwanza

Jiko la nyumbani hula kama nusu kilo hadi kilo 2 za peleti kwa saa. Kilo 2 kwa saa ni gramu 33 hivi kila dakika, kwa hiyo kwenye chungu, wakati wowote ule, kuna kiganja kimoja au viwili vya peleti: za chini zimekuwa makaa, za juu zimedondoka sasa hivi. Jiko likiwa kwenye kiwango cha chini, ni robo ya hapo. Ndiyo maana upo ushauri mmoja mwepesi ambao watu huupuuza: ukisikia dhoruba inakuja, au taa zimeanza kufifia na kurudi, shusha jiko hadi kiwango cha chini kabisa. Umeme ukienda, kitakachobaki cha kuungua ni kidogo. Kama unatoka au unakwenda kulala, lizime kabisa kwa kitufe chake wakati umeme bado upo, ili feni imalize kazi yake.

Tazama kioo. Kabla umeme haujakatika, mwali ni mfupi, mweupe unaoelekea njano, umesimama wima, na peleti zinarukaruka kwa hewa inayopita kwenye matundu ya chungu. Sekunde chache baada ya feni kusimama mwali unalegea, unageuka rangi ya chungwa, unarefuka na kulamba kioo, ncha zake zikitoa masizi. Kioo kinaanza kuwa cheusi kutokea pembeni. Halafu mwali unakufa, na zile peleti za juu ambazo bado zina rangi ya mbao zinaanza kutoa moshi mzito wa kijivu. Moshi huo ni gesi ya kuni ambayo haijaungua. Inaweza kuwaka, na ndani yake mna kaboni monoksaidi. Zikipita dakika 10 hadi 20, moshi unakwisha, yanabaki makaa mekundu.

Hayo makaa yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya. Pua haisikii kitu, macho hayawashi, kila mtu anadhani mambo yamekwisha. Makaa yanayopata hewa kidogo hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa. Mwenye kuzipata akiwa amelala hazijui kabisa.

Bomba dhidi ya upepo

Feni ikisimama, injini pekee iliyobaki ni wepesi wa hewa ya moto ndani ya bomba. Hesabu yake si ngumu. Chukua dohani ya wima ya mita 3, ndani kuna gesi ya nyuzi 150, nje ni nyuzi 0. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nje ina uzito wa kilo 1.29, ile ya ndani ya bomba ina kilo 0.83. Kwa urefu wa mita 3, tofauti hiyo inazaa mvuto wa paskali 13 hivi (paskali ni kipimo cha msukumo wa hewa). Mita 1 ya wima inazaa 4 na nusu. Bomba lililotoka nyuma ya jiko likapenya ukuta moja kwa moja, bila kupanda popote, halina mvuto wa kutajwa.

Sasa weka upepo kwenye mizani. Upepo wa mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa, ambao unatikisa tu majani na vitawi, ukipiga mdomo wa bomba uso kwa uso unaleta msukumo wa paskali 16. Tayari umeizidi dohani ya mita 3. Upepo ukiongezeka mara mbili, msukumo wake unaongezeka mara nne: mita 10 kwa sekunde ni paskali 65 hivi. Na umeme hukatika lini zaidi kama si siku ya upepo?

Kutokana na hesabu hiyo unaweza kujua mambo matatu ya kudai kwa fundi anayekufungia jiko. La kwanza, bomba lipande. Watengenezaji wengi hupendekeza angalau mita 1 hadi 1.5 ya wima kwa ajili ya dharura hii hii. Mimi ningesema chukua zaidi ukiweza. Kama jiko limekwisha kufungwa na bomba lake linatoka ukutani kwa mlalo, mara nyingi inawezekana kuongeza kiungo cha T upande wa nje, chenye kifuniko cha kusafishia chini yake, na kutoka hapo bomba likapanda sambamba na ukuta. Uliza kwanza kama kitabu cha maelekezo kinaruhusu urefu huo, kwa sababu viwiko vingi na mlalo mrefu huibana feni. La pili, mdomo wa bomba usielekee upande unakotoka upepo mkali wa eneo lako, na uwe na kofia ya kukinga upepo. La tatu, sehemu iliyo nje iwe ya kuta mbili. Bomba la ukuta mmoja lililo kwenye baridi linapoa upesi, na gesi ikipoa mvuto unakufa kabla makaa hayajafa.

Nyumba nayo inavuta. Joto hupanda, likatokea juu, na ghorofa ya chini ikabaki na upungufu wa hewa unaojazwa kupitia tundu lolote lililopo, likiwemo bomba la moshi. Kwa hiyo feni ikisimama, madirisha ya juu yaliyo wazi yanakuwa adui, na vivyo hivyo feni ya jikoni au ya bafuni inayoendelea kuzunguka kwa inveta ya nyumba, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi. Jiko lenye mrija wake wa kuvuta hewa ya kuunguzia kutoka nje linaponea sehemu kubwa ya tatizo hili, na ni gharama ninayoiona ya haki kabisa katika nyumba zilizozibwa barabara dhidi ya baridi.

Gasketi haijitangazi

Feni ya moshi inapozunguka, ndani ya jiko kunakuwa na mvuto. Mlango ukiwa na mwanya, hewa ya chumbani ndiyo inayoingia. Moshi hautoki, na mwenye jiko haoni kitu isipokuwa labda mwali mvivu na kioo kinachochafuka haraka. Siku feni inaposimama, mwanya ule ule unageuka mlango wa moshi. Gasketi mbovu, yaani kamba ya kuziba mlango, inaweza kukaa misimu miwili bila kujulikana, ikajulikana usiku wa giza.

Kipimo chake ni karatasi. Jiko likiwa baridi, kata ukanda wa upana wa vidole viwili, uweke kwenye fremu, funga mlango, kisha uvute. Ukivutika kwa shida, kamba ya mlango ingali na uhai. Ukichomoka kama kutoka kwenye bahasha, kamba imelala: kaza komeo kama lina skrubu ya kurekebishia, na isipotosha badilisha kamba. Rudia kuzunguka mlango mzima, usipime mahali pamoja tu. Upande wa bawaba na kona za chini ndiko hulegea kwanza. Fanya vivyo hivyo kwenye mlango wa sinia la majivu na kwenye kifuniko cha tangi. Kamba mpya inunuliwe kwa unene ulioandikwa kitabuni, kwa sababu nene kupita kiasi inazuia mlango kufunga na nyembamba haina faida.

Sehemu ya bomba iliyo baada ya feni ni hadithi nyingine: huko kuna msukumo muda wote, hivyo kiungo kinachovuja kitatoa harufu na vumbi la kijivu hata siku za kawaida. Ukiona alama ya unga wa majivu kwenye maungio, hiyo si ya kusubiri umeme ukatike. Zima jiko, uzibe kwa silikoni ya joto kali au ubadilishe kiungo.

Majivu ndani ya bomba nayo yanapunguza mvuto. Feni inaweza kulazimisha moshi kupita kwenye bomba lililobanwa nusu. Hewa ya moto peke yake haiwezi. Kifuniko cha chini ya kiungo cha T kifunguliwe na kusafishwa kila baada ya tani moja ya peleti, au mapema zaidi peleti zikiwa za majivu mengi. Peleti za daraja la A1 la ENplus, alama ya ubora wa peleti, haziruhusiwi kuzidi asilimia 0.7 ya majivu. Zile za bei ya kutupa zinaweza kutoa mara kadhaa ya hapo.

Umeme umekwenda: fanya nini

Usifungue mlango. Hili liwe la kwanza kwa sababu mkono wa kila mtu unakimbilia hapo. Ndani kuna gesi iliyojikusanya ikiwa na njaa ya hewa. Ukifungua, unaipa hewa, na inaweza kulipuka usoni mwako. Hata isipolipuka, moshi wote uliokuwa unajaribu kupanda dohani utamwagika chumbani.

Usifunue tangi pia. Kwenye mrija wa parafujo kuna mstari wa peleti unaounganisha moto na tangi, na kinachozuia moto usirudi nyuma ni ukosefu wa hewa katika mrija huo. Kifuniko kikiwa wazi au hakikukazwa, tangi linageuka dohani fupi: hewa inapanda kutoka kwenye chungu, inapita kwenye mrija, na moto unaifuata. Hatari hii inazidi tangi likiwa karibu tupu, maana peleti zenyewe ndizo kizibo, na inazidi pia mrija ukiwa umejaa unga wa mbao unaofuka polepole kama ubani. Majiko yanayodondosha peleti kutoka juu yana nafuu kuliko yale yanayozisukuma kutoka chini au ubavuni, kwa kuwa kuna pengo kati ya parafujo na moto. Unga unaokusanyika chini ya tangi uutoe kila baada ya mifuko kadhaa, jiko likiwa baridi na plagi imechomolewa.

Milango miwili hiyo ikiwa imefungwa, shughulikia hewa ya nyumba. Funga madirisha ya juu. Zima feni yoyote inayotoa hewa nje. Fungua dirisha moja katika chumba chenye jiko au karibu nacho, la upande unakovumia upepo. Hewa inayoingia inaongeza msukumo chumbani na kuusaidia moshi kupanda. Dirisha la upande wa pili, kule upepo unakokimbilia, linanyonya hewa ya chumba na kufanya kinyume. Tofauti ya madirisha hayo mawili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Ondoa nguo zilizoanikwa karibu, zulia, mfuko wa peleti ulioegemezwa ubavuni. Feni ya joto imesimama, kwa hiyo joto lililokuwa linasambazwa sasa limebaki kwenye chuma, na sehemu ya juu ya jiko inaweza kuwa ya moto kuliko siku zote. Tochi itumike, wala si mshumaa juu ya jiko.

Maji yasimwagwe kwenye chungu. Mvuke unaolipuka unakuunguza, chuma cha kalibu na kioo vinapasuka, na majivu yanageuka saruji ndani ya matundu. Kuna wanaochota makaa kwa koleo na kuyaweka kwenye ndoo ndani ya nyumba; wameutoa moto kwenye kitu chenye dohani wakauweka kwenye kitu kisicho na dohani. Waache makaa yafe mahali pake. Mashine ya kunyonya majivu nayo isiguse chungu kabla hakijapoa kabisa, kwa sababu kaa moja lililofichika ndani ya majivu linapulizwa na hewa ya mashine hadi linawasha mfuko wake.

King'ora cha kaboni monoksaidi kikilia, hakuna tena hesabu ya madirisha. Watu wote watoke nje, wahesabiwe, zima moto waitwe, na asirudi mtu ndani kufuata simu. King'ora chenyewe kiwe cha betri, au cha umeme chenye betri ya akiba. Kile cha kuchomeka ukutani pekee kinazimika dakika ile ile kinapohitajika. Kifungwe kwenye chumba cha jiko, umbali wa mita 1 hadi 3 kutoka jiko, na kingine karibu na vitanda. Ni vizuri kujua pia kwamba king'ora hakilii papo hapo. Chini ya kiwango cha EN 50291 cha Ulaya, kikikutana na sehemu 50 za gesi hiyo kwa milioni za hewa hulia baada ya dakika 60 hadi 90, sehemu 100 baada ya dakika 10 hadi 40, na sehemu 300 ndani ya dakika 3. Cha kiwango cha Marekani, UL 2034, huvumilia sehemu 70 kwa saa 1 hadi 4. Kwa hiyo kichwa kikianza kuuma na king'ora kiko kimya, amini kichwa. Angalia pia tarehe iliyoandikwa mgongoni: vihisi vyake huchakaa, na vingi vina umri wa miaka 5 hadi 10.

Betri: ndogo kwanza

Jiko linaponyonya umeme lina sura mbili. Wakati wa kuwasha, kiwashio peke yake hula wati 300 hadi 400 kwa dakika chache. Likishawaka, kinachobaki ni feni, mota ya parafujo na bodi ya kielektroniki inayoongoza jiko, jumla kama wati 50 hadi 150 kutegemea jiko. Usikisie, nunua kile kipimo cha kuchomeka kwenye soketi na usome mwenyewe.

Sasa, unataka betri ikufanyie nini? Ikiwa ni kuzima jiko kwa usalama, unahitaji feni ya moshi izunguke kwa dakika 10 hadi 30 baada ya kubonyeza kitufe cha kuzima. Tuseme wati 60 kwa nusu saa: wati-saa 30. UPS ndogo ya kompyuta (kifaa cha akiba kinachotoa umeme gridi ikikatika) yenye betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84 kwenye karatasi, na hata ukikata nusu inatosha. Hiyo ndiyo ningeanza nayo. Jihadhari na jambo moja: UPS iliyoandikwa 600 VA haitoi wati 600, nyingi za ukubwa huo huishia kwenye 360. Kiwashio kikiwaka pamoja na feni, UPS inalalamika kuzidiwa na kukata. Soma wati, achana na VA.

Ikiwa unataka jiko liendelee kuwaka usiku kucha, hesabu inabadilika. Betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200. Usiimalize zaidi ya nusu kama unataka idumu, zinabaki 600. Inveta inakula asilimia 15 hivi, zinabaki 510. Jiko la wati 100 litakwenda kwa muda wa saa 5. Betri ya lithiamu aina ya chuma-fosfeti ya ukubwa huo huo unaweza kuitumia hadi asilimia 80, nayo itakupa muda wa saa 8 hivi. Halafu betri inaisha, saa kumi za usiku, jiko likiwa limepamba moto na watu wamelala, na umerudi pale pale ulipokuwa ukikimbia. Kwa hiyo mwenye betri kubwa aendeshe jiko kwenye kiwango cha chini, na alizime kwa kitufe betri ikibakiza asilimia 30. Asingoje ikate yenyewe.

Aina ya inveta ni muhimu kuliko ukubwa wake. Umeme wa gridi unapanda na kushuka kwa mkunjo laini. Inveta za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi-ngazi, na mota za feni za jiko hazilipendi: zinaguna, zinapata moto, zinapoteza nguvu. Baya zaidi ni bodi. Bodi nyingi hupunguza kasi ya feni kwa kukata kipande cha kila wimbi, zikihesabu kuanzia pale umeme unapopita sifuri. Kwenye wimbi la ngazi hesabu hiyo inavurugika, feni inakimbia hadi mwisho au inajikokota, na moto unapata hewa isiyolingana na peleti zinazoletwa. Inveta iwe ya wimbi laini, hata kama ni ndogo.

Betri isiwekwe ubavuni mwa jiko. Umri wa betri ya risasi hupungua kama nusu kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, na nyuma ya jiko ni mahali pa joto kweli kweli.

Jenereta ina maneno machache ila ni mazito. Ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka milango na madirisha, moshi wake ukielekezwa mbali na nyumba. Gereji yenye mlango wazi bado ni ndani. Ni kichekesho kichungu kujihadhari na kaboni monoksaidi ya jiko kisha kuiingiza ya jenereta. Jiko lichomekwe moja kwa moja kwa waya wa nje unaofaa, au nyumba iwe na swichi ya kubadilisha chanzo iliyofungwa na fundi umeme. Kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi mbili za kiume kunarudisha umeme barabarani na kumuua fundi aliye juu ya nguzo.

(Yapo pia majiko ya peleti yasiyo na umeme kabisa, ambayo peleti hushuka kwa uzito wake na moshi hupanda kwa mvuto wa dohani. Yanataka dohani ndefu na uangalizi zaidi, lakini umeme ukikatika hayana habari.)

Umeme ukirudi

Majiko hayafanani hapa, na ni ukurasa mmoja wa kitabu cha maelekezo ambao inafaa kuusoma mapema. Umeme ukirudi ndani ya sekunde chache, mengine huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mengi yakikuta bado yana joto huwasha feni ya moshi, hupoza, kisha huonyesha alama ya hitilafu na kungoja mtu. Machache hujaribu kuwasha upya yenyewe. Kwa sababu hiyo, makaa yakiwa bado mekundu mimi huona plagi ibaki mahali pake, ili feni ipate kuzunguka umeme ukirudi mapema. Chungu kikishapoa, chomoa: umeme unaporudi huja na mishtuko ya volti inayoweza kuunguza bodi, ambayo ni kipuri cha bei mbaya. Ngoja dakika 5 hadi 10 umeme utulie ndipo uchomeke tena, ikiwezekana kupitia kilinda umeme.

Kabla ya kuwasha, fungua mlango wa jiko lililopoa na umwage chungu chote. Peleti zilizobaki humo, hata zinazoonekana nzima, zisirudishwe kwenye tangi. Moja iliyofichika na cheche inatosha. Ziende kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko cha kubana, na ndoo ikae nje juu ya saruji, mbali na ukuta wa mbao. Zibua matundu ya chungu na uhakikishe kimekaa sawa mahali pake. Kisha funua tangi unuse. Harufu kali ya utomvu ulioungua, au peleti za hudhurungi kwenye mdomo wa parafujo, ni alama kwamba moto ulianza kurudi nyuma, na jiko hilo lisiwashwe mpaka fundi alione.

Bodi ikiwaka lakini parafujo haizunguki, tafuta kitufe cha themostati ya usalama, mara nyingi nyuma ya jiko chini ya kifuniko kidogo cha kufungua kwa vidole. Joto lililokwama baada ya feni kusimama hupanda hadi kwenye tangi na kukikatisha. Kinabonyezwa jiko likishapoa, unasikia "tik". Kikiruka tena umeme ukiwepo, tatizo ni jingine.

Ukibonyeza kuwasha, kaa mbele ya jiko ila pembeni ya kioo. Peleti zikianza kutoa moshi mwingi mweupe unaojaza chumba cha moto na mwali hautokei, usifungue mlango na usichomoe plagi. Sogea mbali, iache feni ivute. Moshi huo ukishika moto kwa ghafla unagonga kioo kwa kishindo, na mara nyingine unalifumua bomba kwenye maungio. Kiwashio kikishindwa, mwaga chungu tena kabla ya jaribio la pili. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kubonyeza kuwasha mara tatu mfululizo, kila mara peleti mpya zikirundikwa juu ya zile zilizoshindwa, mpaka zinaposhika zote kwa pamoja.